Kabureta imeoshwa, sailensi inakataa: mwongozo kamili wa kulitibu gari linalotetemeka likiwa limesimama

Umefungua kabureta, umeiosha, umeweka gasketi mpya, umeirudisha. Gari limewaka. Ukikanyaga mafuta linavuta vizuri tu, lakini ukiachia mguu linatetemeka kama lina homa, taa za dashibodi zinacheza, na kwenye foleni linazimika. Unapandisha skrubu ya mwendo mpaka injini inapiga kelele. Kesho yake tatizo liko palepale.

Karibu kila anayeniletea gari la namna hii ameshaifungua kabureta mara ya pili, na wengine mara ya nne. Nakuomba usiifungue bado. Mara nyingi kosa liko nje ya kabureta: chini ya kitako chake, kwenye mpira uliosahauliwa au kwenye waya mmoja uliochomoka. Ukiifungua tena unaharibu gasketi uliyotoka kuinunua, na unaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Kwa sailensi nina maana ya mwendo wa injini pale mguu unapokuwa haupo kwenye mafuta. Mifano yangu ni ya injini za Toyota 4K (cc 1290) na 5K (cc 1486), zile za Corolla za zamani, LiteAce na TownAce, zenye kabureta ya Aisan ya makoo mawili. Mwenye Datsun, Peugeot 504 au Land Rover ya zamani atafuata njia hiyohiyo. Vipimo tu ndivyo atavitafuta kwenye kitabu cha gari lake.

## Andaa vitu hivi kwanza

Usianze kabla hujavikusanya. Kazi hii hufanyika injini ikiwa ya moto, na ukienda dukani katikati itapoa, uanze upya.

- Bisibisi bapa mbili: moja ndefu ya skrubu za kabureta, nyingine fupi.
- Spana namba 10 na 12.
- Fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kwa ajili ya pointi, plagi na kupimia kitako.
- Koleo yenye mpini wa plastiki usiopasuka, na koleo nyingine uliyoizungushia kitambaa.
- Chupa ya kupulizia maji, kama ile ya saluni.
- Kopo la dawa ya kusafishia kabureta na miwani ya kukinga macho.
- Taa ya kupimia umeme wa volti 12, au mita.
- Kipande cha mpira wa mafuta chenye urefu wa mkono.
- Mita ya mizunguko ya injini, kama gari halina yake. Kipimo cha vakyumu (mvuto wa hewa) kikipatikana kitakurahisishia sana.
- Kalamu na karatasi.

Karatasi si ya mapambo. Kila skrubu utakayoigusa, andika ilikuwa mizunguko mingapi kabla hujaigeuza. Asiyeandika hupotea njia ndani ya dakika 10.

## Usalama, kwa ufupi lakini kwa msisitizo

Fanya kazi nje. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu kwenye gereji zilizofungwa milango. Weka mtungi wa kuzimia moto au ndoo ya mchanga karibu.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Najua imezoeleka, najua ulifundishwa hivyo. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kukulaza hospitali. Tena, usimwagie petroli kwenye kabureta injini ikiwa inanguruma ili "kuona kama inavuta". Kwenye 4K na 5K manifoldi ya moshi, bomba linalotoa moshi kwenye injini, iko chini ya kabureta, upande uleule. Petroli ikidondokea pale, moto unapanda kwenye uso wako.

## Hatua ya 1: Rudisha skrubu mahali pa kuanzia

Washa gari, liache lingurume mpaka mshale wa joto utulie mahali pake pa kawaida. Toa kifuniko cha chujio la hewa, uangalie choki (bamba la juu linalobana hewa injini ikiwa baridi) kwa macho yako. Injini ikiwa ya moto, bamba la choki lazima lisimame wima kabisa. Usiridhike na kusukuma kitufe cha dashibodi. Waya wa choki ukifungwa vibaya wakati wa kurudisha kabureta, bamba hubaki limelala kidogo, nawe unatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Zima injini. Shika skrubu ya mikscha (mchanganyiko wa hewa na mafuta), ile iliyo chini karibu na kitako, na uifunge taratibu kwa ncha za vidole mpaka iguse. Hesabu mizunguko, andika. Kisha ifungue mizunguko miwili na nusu. Usiikaze. Ncha yake ni sindano laini, na ukiibana inajikata alama ya pete ambayo haitakuruhusu kurekebisha sailensi tena.

Sasa skrubu ya mwendo, ile inayosukuma mkono wa kipepeo, bamba la chini la koo linalofunguka ukikanyaga mafuta. Ifungue mpaka iachane na mkono, irudishe iguse tu, kisha ongeza mzunguko mmoja.

Sababu yake ni hii. Kipepeo kikiwa karibu kufunga, injini hupata mafuta ya sailensi kupitia tundu dogo lililo chini yake, na skrubu ya mikscha ndiyo bomba la tundu hilo. Juu kidogo pana upenyo mwingine, wa kuvukia mwendo mkubwa. Ukipandisha skrubu ya mwendo kupita kiasi, kipepeo kinaufunua upenyo ule, mafuta yanamwagika kupitia huko, na skrubu ya mikscha inakuwa haina kazi. Hapo ndipo watu husema "nimezungusha mpaka nimechoka, hakuna kinachobadilika".

Utajua umefaulu pale injini inapowaka na kujishikilia yenyewe, hata kama vibaya, bila skrubu ya mwendo kupandishwa zaidi. Ikikataa kabisa kukaa bila mguu, usiipandishe. Ishikilie kwa mguu kidogo, tuendelee.

## Hatua ya 2: Ni silinda moja au zote nne?

Injini ikiwa inanguruma, tumia koleo yenye mpini wa plastiki kuchomoa kofia ya plagi moja, sikiliza, rudisha. Fanya hivyo kwa zote nne. Kama gari lako limebadilishiwa mfumo wa moto kuwa wa kielektroniki, usiache waya ukining'inia hewani. Ugusishe kwenye chuma cha injini, vinginevyo unaweza kuunguza moduli.

Silinda nzima ukiikatia moto, mwendo unashuka waziwazi. Silinda ambayo ukiichomolea hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa wako.

Ikiwa ni moja tu, kabureta ina uwezekano mdogo wa kuwa na kosa, kwa sababu kabureta hulisha zote nne. Angalia plagi ya silinda ile (nafasi mm 0.8), waya wake, na kifuniko cha distribyuta (inayogawa moto kwa plagi) kama kina ufa. Angalia pia kama waya zimerudishwa kwa mpangilio. Kwenye 4K na 5K moto unakwenda 1-3-4-2, na mtu aliyechomoa waya ili apate nafasi ya kufungua kabureta anaweza kubadilisha 3 na 4 bila kujua. Ikiwa moto ni mzuri, basi kuna mawili: upepo unaingia kwenye tawi la manifoldi ya kuingiza hewa la silinda ile (tutafika), au silinda haina kompresheni.

Pointi, zile zinazokata na kuunga umeme ndani ya distribyuta, nazo zipime: mm 0.45. Tapeti (nafasi za vali) za 4K zinazorekebishwa kwa skrubu zinataka mm 0.20 upande wa kuingiza na mm 0.30 upande wa kutolea, injini ikiwa ya moto. Tapeti iliyobanwa hufanya vali isifunge, na dalili zake zinafanana kabisa na za kabureta mbovu.

Zikiwa zote nne zinashuka sawasawa lakini injini bado inatetemeka, nenda hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Iulize injini, imezidi hewa au imezidi mafuta?

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayookoa siku nzima. Haihitaji kifaa chochote.

Injini ikiwa ya moto na inanguruma, weka kidole kwenye bamba la choki, ulifunge taratibu. Usilifunge lote. Robo, kisha nusu. Sikiliza.

*Injini ikitulia na mwendo ukapanda*, basi ilikuwa na njaa ya mafuta: hewa imezidi. Sababu ni upepo unaoingia pasipopaswa, au njia ya mafuta ya sailensi imeziba. Fuata hatua ya 4 na ya 5.

*Injini ikizidi kuzama, moshi mweusi ukatoka*, mafuta yamezidi tayari. Ruka mpaka hatua ya 6.

*Ikiwa hakuna tofauti mpaka choki inakaribia kufunga*, mchanganyiko hauko mbali na sawa. Rudi hatua ya 2 kwa uangalifu zaidi, kisha angalia taimingi, yaani wakati cheche inapopiga.

Thibitisha kwa skrubu ya mikscha. Ifunge taratibu. Injini isiyo na kosa inapaswa kuzama na kukaribia kuzimika. Ukiifunga mpaka mwisho na injini ikaendelea kana kwamba hujafanya kitu, inapata mafuta kutoka kwingine, na hilo ni kosa la hatua ya 6 au ya 7. Ikitaka kufunguliwa mizunguko minne au mitano ndipo itulie, ina njaa.

Andika jibu ulilopata kabla hujaendelea.

## Hatua ya 4: Tafuta upepo unaoingia kwa siri

Kwa magari yanayokuja kwangu baada ya kufunguliwa kabureta, hapa ndipo wengi wanapopata jibu.

Kipepeo kikiwa karibu kufunga, mvuto ndani ya manifoldi ni mkubwa, na hewa inayohitajika ni kidogo. Tundu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti linaingiza sehemu kubwa ya hewa yote ya sailensi. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inaingia kwa wingi na tundu lile halionekani tena. Ndiyo maana gari lako linavuta vizuri barabarani na kutetemeka kwenye taa nyekundu.

Anza na mipira. Shika koleo uliyoizungushia kitambaa, uminye mpira wa busta ya breki. Injini ikitulia, upepo unaingia kwenye busta au kwenye mpira wake. Fanya hivyohivyo kwa mpira wa vali ya PCV, ile inayorudisha moshi wa injini. Kisha pitia kila kijibomba kinachotoka kwenye kabureta na manifoldi. Kila kimoja lazima kiwe na mpira au kofia. Wakati mmoja nilishinda nusu siku na LiteAce ya 5K ambayo mwenyewe alikuwa ameibadilishia kabureta nzima mara mbili. Tatizo lilikuwa kofia ndogo ya mpira nyuma ya manifoldi, imepasuka upande usioonekana. Tangu siku hiyo nazipapasa kwa kidole, siziamini kwa macho.

Kisha pulizia maji. Chupa iwe kwenye mvuke mwembamba. Puliza mahali pamoja kwa sekunde mbili, subiri, sikiliza. Anza na kitako cha kabureta pande zote nne, halafu ncha mbili za mhimili wa kipepeo, kisha maungio ya manifoldi na kichwa cha injini, tawi moja baada ya jingine. Mahali panapovuta, maji yataziba tundu kwa muda na sauti itabadilika. Epuka distribyuta, na usimwage maji mengi kwenye manifoldi ya moshi: ni chuma cha kusubu, kikiwa cha moto sana kinaweza kupasuka.

Ukipata kitako ndicho kinachovuta, usikimbilie kukaza nati kwa nguvu. Kati ya kitako na manifoldi kuna kipande kinene cheusi cha kuzuia joto kisipande kwenye kabureta. Kila upande wa kipande hicho unahitaji gasketi yake. Wengi huweka ya juu na kusahau ya chini. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, kitako kinajipinda. Toa kabureta, laza rula ya chuma juu ya kitako na ujaribu kupitisha fila geji ya mm 0.10 katikati. Ikipita, bandika msasa laini kwenye kioo na usugue kitako kwa mwendo wa umbo la namba nane mpaka kiwe sawa. Tundu zote zizibe kwa kitambaa kwanza, uoshe vizuri baadaye.

Usipake silikoni badala ya gasketi. Petroli inailainisha, vipande vinameguka, na kipande kimoja kinatosha kuziba jeti, kile kijitundu cha kupimia mafuta. Nimezitoa kabureta nyingi zilizokufa kwa dawa hiyo.

Gasketi ya juu nayo ilinganishe na ya zamani, ndiyo maana sikuzote nawaambia watu wasitupe ya zamani. Seti za 3K, 4K na 5K zinafanana machoni lakini tundu hazilingani zote. Gasketi ikikosa tundu moja, imefunga njia ya hewa au ya mafuta, na hakuna skrubu itakayoifungua.

Utajua umefaulu pale unapopulizia maji kila mahali bila sauti kubadilika. Mwenye kipimo cha vakyumu ataona mshale umesimama kati ya inchi 17 na 21 akiwa Pwani. Juu milimani utapungua karibu inchi moja kwa kila mita 300. Usiogope hilo.

## Hatua ya 5: Jeti ya sailensi na solenoidi yake

Upepo umeisha lakini injini bado ina njaa? Sasa mafuta yenyewe hayafiki.

Anza na solenoidi, kile kisilinda kidogo chenye waya kilichofungwa ubavuni mwa kabureta. Kazi yake ni kukata mafuta ya sailensi ukizima swichi. Bila umeme, inayakata muda wote. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya na uurudishe. Lazima usikie "tik". Usiposikia, pima waya kama una volti 12. Waya huu huchomoka, au hubanwa chini ya chujio la hewa, na gari linakuwa halikai kabisa bila mguu.

Wapo wanaokata ncha ya solenoidi ili wamalize kesi. Gari litakaa, lakini ukizima swichi linaweza kuendelea kujipigapiga lenyewe. Nunua nzima, au tafuta nzima kwenye kabureta chakavu.

Solenoidi ikiwa sawa, ndipo unaruhusiwa kufungua kifuniko cha juu. Jeti ya sailensi ina tundu la karibu nusu milimita, na punje ya kutu kutoka kwenye tangi inaliziba. Ishike mbele ya jua uone mwanga wa duara safi. Usiipitishie sindano wala waya wa chuma: jeti ni ya shaba laini na tundu litapanuka. Tumia unyoya mmoja wa mshipi wa kuvulia, kisha dawa.

Toa pia skrubu ya mikscha. Vaa miwani, pulizia dawa kwenye tundu lililokuwa na jeti. Dawa inapaswa kutokea chini ya kipepeo, kwenye tundu la skrubu, na kwenye ule upenyo wa kuvukia. Ikitokea sehemu moja tu, njia bado imeziba. Ukitumia upepo wa kompresa, toa floti (boya la kabureta) kwanza na uangalie zile gololi ndogo za pampu iliyo ndani ya kabureta, inayosukuma mafuta ukikanyaga. Upepo huzirusha, na ikipotea moja gari litakuwa linasita kila ukikanyaga.

## Hatua ya 6: Mafuta yakiwa yamezidi

Dalili ni harufu ya petroli, plagi nyeusi zenye masizi makavu, na moshi mweusi.

Angalia kidirisha cha kioo mbele ya chemba ya floti. Gari likiwa mahali tambarare na injini ikinguruma, mafuta yawe katikati, kwenye alama. Yakipita juu, floti imepangwa vibaya au vali ya sindano haifungi.

Kisha chungulia kooni kwa tochi, uso ukiwa mbali kidogo. Kwenye sailensi, mdomo mkubwa wa mafuta katikati ya koo usidondoshe hata tone. Ukiona matone, mafuta yanafurika kutoka kwenye chemba.

Sababu ninazozikuta ni hizi:

- Washa ndogo chini ya kiti cha vali ya sindano imesahauliwa.
- Floti imetoboka. Itikise sikioni, kisha izamishe kwenye maji ya moto. Povu likitoka, haifai.
- Uchafu umekaa kwenye kiti cha vali. Geuza kifuniko juu chini, chomeka mpira safi, mkavu kwenye njia ya mafuta, upulize kidogo. Uzito wa floti ukiwa umefunga vali, hewa isipite.
- Vali ya nguvu, iliyo chini ya chemba karibu na jeti kuu, haikukazwa.
- Pampu ya umeme isiyofaa. Kabureta hii inataka shinikizo la psi 3 hadi 4 hivi, ile ya pampu ya asili. Pampu ya gari la injekta hupeleka psi 35 na zaidi, na hakuna vali ya sindano itakayoizuia. Ukiikuta, itoe siku hiyohiyo, kwa sababu mafuta yanayofurika juu ya manifoldi ya moshi ni moto unaosubiri kuwaka.

## Hatua ya 7: Vipepeo na mikono yake

Kabureta ikiwa mkononi, ielekeze kwenye mwanga. Kipepeo cha pili lazima kifunge kabisa. Kikibaki wazi uzi mmoja, sailensi haitashuka kamwe. Wengi hulegeza skrubu za vipepeo wakati wa kuosha na kuzikaza kabla bamba halijajiweka sawa. Zilegeze, funga kipepeo, kigonge kidogo kikae, kisha kaza.

Mhimili wa kipepeo ukicheza juu na chini, na maji ya hatua ya 4 yalibadilisha sauti pale, seti mpya ya gasketi haitasaidia. Peleka kwa fundi wa kukereza akuwekee bushi.

Angalia pia mpira wa vakyumu wa distribyuta. Kwa mpangilio wa kawaida wa injini hizi, ukiuchomoa kwenye sailensi na kuweka kidole, usihisi mvuto. Ukihisi, umeuchomeka kwenye kijibomba kisicho chake, na taimingi inasogea wakati usiotakiwa.

## Hatua ya 8: Sasa ndipo unatuni

Kutuni ni kwa mwisho, na kunachukua dakika 5 kama hatua za juu umezifuata. Zima taa, feni na redio. Injini iwe ya moto, chujio la hewa liwe mahali pake.

1. Kwa skrubu ya mwendo, weka injini kwenye mizunguko 800 hivi kwa dakika.
2. Geuza skrubu ya mikscha robo mzunguko, subiri sekunde 10, sikiliza. Endelea kuelekea upande ambao mwendo unapanda.
3. Ukifika mahali ambapo mwendo hauendi juu zaidi, rudisha skrubu ya mwendo mpaka mizunguko 800 tena.
4. Rudia 2 na 3 mpaka skrubu ya mikscha isiweze kuongeza kitu.
5. Funga skrubu ya mikscha taratibu mpaka mwendo ushuke kidogo, mizunguko 30 hadi 50. Acha hapo.

Mwisho iwe karibu na 750 kwa gari la gia za kawaida. Usiposubiri sekunde 10 utajidanganya: injini hujibu kwa kuchelewa.

Utajua umefaulu ukiona haya. Glasi ya maji juu ya chujio la hewa inaonyesha viwimbi vidogo tu. Kipande cha karatasi nyuma ya ekzosi kinasukumwa kwa mdundo ulio sawa. Kikivutwa ndani mara kwa mara, huenda kuna vali isiyofunga, na hiyo si kazi ya kabureta. Ukikanyaga ghafla na kuachia, mwendo unarudi 750 bila kuzama. Ukiwasha taa kubwa, injini inashuka kidogo na kujishikilia.

## Kama gari linapanda na kushuka milima

Gari lililotuniwa Dar es Salaam au Mombasa likifika Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, au Mbeya, litakuwa na mafuta yaliyozidi, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi na jeti ni zilezile. Kufunga skrubu ya mikscha robo au nusu mzunguko huleta nafuu kwenye sailensi. Ukirudi Pwani, irudishe ilivyokuwa. Ndiyo maana nilikwambia uandike.

## Baada ya wiki moja

Gasketi mpya hujibana zikipata joto. Injini ikiwa baridi kabisa, pitia nati nne za kitako kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana fupi. Toa plagi moja baada ya safari ya kawaida. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Nyeusi yenye masizi inakurudisha hatua ya 6, nyeupe kavu inakurudisha hatua ya 4. Badilisha na chujio la mafuta wakati huohuo, hasa kama tangi lina kutu, kwa sababu uchafu ulioziba jeti mara ya kwanza bado uko kwenye tangi.